Mashine Iliyokataa Kuzima Keroka, na Historia ya Sekunde 90

Wasee, leo sina umbea wa mtu. Niko na stori ya mashine. Ni stori ya kompyuta iliyokataa kuzima, msichana aliyelia ndani ya saiba, na mkono wangu mwenyewe uliofanya kitu ambacho haufai kufanya. Nimekaa nayo kwa miezi kadhaa nikiona aibu kuiandika. Sasa naiandika, na humo ndani nitakupa historia kidogo, kwa sababu nimegundua nilifanya kosa ambalo watu wamekuwa wakilifanya kwa zaidi ya miaka 50.

Keroka, kama hujui, ni ule mji ulio kwa barabara ya kutoka Kisii kwenda Sotik, na mpaka wa kaunti umeukata katikati. Upande mmoja ni Kisii, upande mwingine ni Nyamira. Mimi nilikuwa nafanya kazi kwa saiba moja hapo baada ya kuacha chuo mwaka wa pili. Ni saiba ya kawaida: mashine sita kuukuu, printa moja yenye kelele, foleni ya watu wa KRA, wa HELB, na wazazi wanaotaka kuchapisha barua ya shule. Zote zilikuwa zinatumia Linux, kwa sababu ni ya bure na kwa sababu mashine zenyewe zilikuwa zimezeeka sana kubeba kitu kizito zaidi. Kando ya kaunta kulikuwa na mashine ya saba, tuliyoiita seva. Faili za wateja wote zilikuwa zinahifadhiwa hapo, ili ukianza kazi kwa mashine namba mbili leo, kesho uimalizie kwa namba tano.

Jioni hiyo mvua ilikuwa imeshika, ile mvua ya Gusii isiyobisha hodi. Matatu za mwisho zilikuwa zinaita. Bosi, mzee mmoja mpole, alizima seva kwanza kama kawaida yake kwa sababu ilikuwa karibu na mlango, akaniambia, "Kijana, malizia hapo ufunge." Kwa mashine namba nne kulikuwa na msichana wa mwaka wa nne chuoni, anaandika sura ya mwisho ya mradi wake. Alibonyeza kuhifadhi, akaona ukurasa umeganda, akaniambia, "Bro, hii kitu imestaki." Nikamwambia hii mashine huwa hivyo, imeshahifadhi, nenda usikose gari. Akaenda.

Nikabonyeza kuzima. Mashine ikakataa.

Skrini ikawa nyeusi, kukatokea mstari mmoja wa Kiingereza unaosema "A stop job is running", na pembeni sekunde zinahesabu kuelekea dakika moja na nusu. Nikasubiri. Ikafika mwisho, ikaanza kuhesabu nyingine. Nikatukana. Gari ilikuwa inapiga honi nje. Nikanyoosha mkono hadi kwa swichi ya ukutani, nikazima ukuta mzima.

Kesho yake asubuhi msichana alirudi. Faili ilikuwepo, jina lilikuwepo, lakini ukifungua ndani hakuna kitu. Baiti sufuri. Sura nzima imeenda. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Lakini si uliniambia imehifadhi?" Kisha akalia polepole, kama mtu ambaye hana nguvu ya kulia kwa sauti.

Siku hiyo ndiyo nilianza kuuliza swali ambalo sikuwahi kuuliza nilipokuwa darasani: kwa nini kompyuta inahitaji muda ili kuzima? Balbu ya stima hukuiomba ruhusa. Redio hukuiomba ruhusa. Kwa nini hii?

Jibu linaanzia mwaka 1969. Katika maabara ya Bell huko New Jersey, Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie na wenzao walianza kujenga mfumo ulioitwa Unix. Mashine waliyoanza nayo, PDP-7, ilikuwa na uwezo mdogo kuliko simu yoyote ya kabambe unayoijua. Tatizo lao lilikuwa moja ambalo mpaka leo halijaisha: kumbukumbu ya ndani ina kasi, lakini stima ikipotea inasahau kila kitu. Diski haisahau, lakini ni goigoi.

Fikiria mama wa duka mtaani. Mteja akichukua unga kwa deni, mama hakimbilii daftari kila mara. Anaweka kichwani. Wakija watu wanne, watano, foleni ikipungua, ndipo anafungua daftari anaandika yote kwa pamoja. Kazi inaenda haraka. Lakini akianguka ghafla kabla hajaandika, madeni yote yaliyokuwa kichwani yamepotea, na daftari litabaki na mstari ulioandikwa nusu.

Unix ilifanya hivyo hivyo. Ukiiambia ihifadhi, ilikujibu "sawa" upesi, lakini maneno yako yalikuwa bado kichwani. Kulikuwa na programu ndogo iliyokuwa inaamka kila baada ya sekunde 30 kuyasukuma yaliyo kichwani yaende kwa diski. Amri ya kufanya hivyo kwa mkono iliitwa `sync`, na bado inaitwa hivyo hadi leo. Waendeshaji wa zamani walikuwa na desturi ya kuiandika mara tatu mfululizo kabla ya kuzima mashine. Si kwamba mara ya tatu ilikuwa na uchawi. Ni kwamba kuiandika mara tatu kulikuchelewesha wewe, binadamu mwenye haraka, ukaipa diski nafasi ya kumaliza.

Soma hiyo tena. Mwanzoni kabisa, dawa ya tatizo ilikuwa ni kumchelewesha mtu. Mimi pale Keroka ningekuwa nimeandika `sync` mara moja na kukimbilia gari.

Miaka ya nyuma kuzima kompyuta kulikuwa na sehemu mbili. Kwanza uliiambia programu ijiandae, kisha wewe mwenyewe ulibonyeza swichi ya kweli, ile inayolia "ka!" na kukata umeme. Kama umewahi kuona mashine ya Windows 95, unakumbuka yale maandishi ya rangi ya machungwa yakikuambia kwamba sasa ni salama kuzima kompyuta yako. Mashine ilikuwa haina mkono wa kujizima. Ilimaliza kazi yake, ikakuambia, ikakusubiri.

Mkono wa kujizima ulikuja kwa awamu. Mwaka 1992 Intel na Microsoft walitoa utaratibu ulioitwa APM wa programu kuongea na umeme wa mashine. Mwaka 1995 Intel wakaleta muundo wa ATX, ambapo kitufe cha mbele hakikati umeme tena. Kinatuma tu ombi. Kisha Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba wakatoa ACPI, ambayo ndiyo tunayotumia hadi sasa. Tangu hapo kitufe cha kuzima kimekuwa kama kengele ya mlangoni. Unabonyeza, halafu unasubiri mwenye nyumba.

Linux yenyewe ilizaliwa katikati ya hayo yote. Tarehe 25 Agosti 1991 kijana wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, aliwaandikia watu kwenye mtandao kwamba anatengeneza mfumo wake, kwa kujifurahisha tu. Alikuwa na miaka 21. Nikiwa na miaka 21 mimi nilikuwa nazima swichi za ukuta.

Kwa miaka mingi Linux ilizima kwa njia ya foleni. Kulikuwa na orodha ya maandishi madogo, kila huduma na lake, yakiitwa moja baada ya lingine: wewe funga, wewe funga, wewe funga. Utaratibu huo ulirithiwa kutoka kwa Unix ya zamani iliyoitwa System V. Ulikuwa rahisi kuuelewa, lakini ulikuwa na shida ya foleni yoyote ya Huduma Centre: mmoja mbele akiwa na shida ya kitambulisho, nyote nyuma mnalala hapo. Huduma moja ikigoma kufunga, mashine ingekaa hapo mpaka asubuhi.

Watu wakachoka. Mwaka 2006 Ubuntu wakaleta mfumo mpya wa kuwasha na kuzima ulioitwa Upstart. Mwaka 2010 Lennart Poettering na Kay Sievers wakaleta mwingine, systemd. Fedora wakauchukua mwaka 2011, na kufikia Aprili 2015 Debian na Ubuntu wote walikuwa wamehamia. Watu walirushiana maneno kwa miaka kuhusu huu mfumo, na bado wanarushiana. Mimi sitaki kuingia hiyo vita. Ninachotaka ni kile kitu kimoja uliokuja nacho: saa.

systemd inazima huduma nyingi kwa pamoja, na kila mmoja anapewa muda. Kwanza inamtumia ishara inayoitwa SIGTERM, namba 15. Hiyo ni kubisha kwa heshima: tafadhali maliza ulichonacho, hifadhi, uondoke. Kisha inahesabu. Kwa kawaida inahesabu sekunde 90. Zikiisha na mtu bado yuko ndani, inatuma SIGKILL, namba 9, ambayo haiombi.

Wazee wetu walishasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi systemd ni huo msemo ulioandikwa kwa kodi. Siku mbili ni zile sekunde 90. Jembe ni namba 9.

Kwa hivyo ule mstari niliouona haukuwa wa kusema mashine imekufa. Ulikuwa unasema kuna mgeni bado anakusanya vitu vyake, na amebakisha muda fulani. Hata pembeni palikuwa pameandikwa jina la mgeni. Sikusoma.

Sasa utauliza, kama mimi nilivyouliza, kwa nini wasipunguze? Kwani sekunde 90 ni za nini? Watu wa Fedora waliuliza hivyo pia. Walitaka kushuka hadi sekunde 15, wakabishana, wakakubaliana kwa 45, na Fedora 38 ya mwaka 2023 ikatoka hivyo. Waliopinga hawakuwa wajinga. Kuna programu, kama zile za hifadhidata, ambazo zikiuawa katikati ya sentensi zinaamka na daftari lililochanika.

Tena kuna somo la mwaka 2009 ambalo linanihusu mimi moja kwa moja. Mwaka huo watu walikuwa wanajaribu toleo jipya la Ubuntu lenye mfumo mpya wa faili, ext4. Mashine ilipoganda na kuzimwa kwa nguvu, baadhi yao waliwasha wakakuta faili zao zina baiti sufuri. Jina lipo, ndani hakuna kitu. Mfumo wa zamani, ext3, ulikuwa unaandika data kila baada ya sekunde kama tano. ext4 ilikuwa inasubiri zaidi ili ipange vizuri, kwa hivyo ilikuwa na kasi, lakini pengo la kupoteza lilikuwa kubwa. Theodore Ts'o, aliyekuwa msimamizi wa ext4, alieleza kwamba programu nyingi zilikuwa zinahifadhi vibaya, bila kuomba waziwazi data ifike kwa diski. Watumiaji wakamjibu kwamba hilo haliwarudishii faili zao. Mwishowe keneli ikarekebishwa ili iwe na huruma zaidi kwa programu za namna hiyo. Miaka mingi kabla ya yule msichana, kulikuwa tayari na watu waliokaa mbele ya skrini wakitazama jina la faili lisilo na kitu ndani.

Hebu sasa tuongee kuhusu jinsi hii kitu ilifika kwetu, kwa sababu hapa ndipo nina maoni.

Ubuntu ilitoka mara ya kwanza Oktoba 2004, ikifadhiliwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake wengi wetu hatuhitaji kutafsiriwa. Walijua kwamba sehemu nyingi za dunia mtu hawezi kupakua mfumo mzima kwa intaneti, kwa hivyo walikuwa wanatuma CD za bure kwa posta hadi mwaka 2011. Kenya tulikuwa tunategemea setilaiti, ghali na polepole, mpaka mwaka 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa kupitia baharini. Mashine nyingi zilizokuja shuleni zilikuwa zimetumika kwingine kwanza. Shirika la Computers for Schools Kenya limekuwa likikarabati na kusambaza za namna hiyo tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Linux ilitufaa kwa sababu hiyo: mashine ya zamani, mfukoni hakuna doo.

Lakini kuna mradi mwingine ambao vijana wengi hawaujui. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kulikuwa na Kilinux, kazi ya kuzitafsiri programu huria kwa Kiswahili. Desemba 2004 walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Walikaa chini wakabishana kuhusu maneno: faili iitwe nini, kuhifadhi kuwe kuhifadhi au kuweka.

Zamani ningeona hiyo ni kazi ya watu wasio na kazi. Sasa naona tofauti. Kompyuta yangu pale Keroka ilikuwa inaniongelesha. Ilikuwa inaniomba muda. Iliomba kwa Kiingereza cha mafundi, maneno meupe kwa skrini nyeusi, na mimi niliyekaa chuo miaka miwili nikisomea kompyuta niliyaona kama uchafu tu. Je, bosi wangu? Je, mama anayefungua saiba Nyansiongo au Ogembo na mtaji wa chama? Kama ule mstari ungesema "Subiri, kuna kazi ya mteja bado haijafika kwa seva", ningesubiri. Sina shaka hata kidogo. Lugha si urembo wa kompyuta. Kuna wakati ndiyo breki.

Haya, turudi kwa mashine namba nne. Nilimwomba bosi anipe Jumapili moja. Nikafanya nilichofaa kufanya siku ile.

Kwanza, nilizima tena nikiwa sina haraka. Kama yako inaonyesha tu nembo inayozunguka, bonyeza Esc na ile picha itaondoka uone maandishi. Soma jina. Jina ndilo kila kitu. Langu lilikuwa ni la folda ya pamoja, ile iliyokuwa kwa seva.

Pili, nilipowasha tena, niliuliza mashine ilikuwa inafanya nini kabla ya kuzimwa. Amri ni `journalctl -b -1 -r`. Hiyo inakuonyesha kumbukumbu za safari iliyopita, kuanzia mwisho kurudi nyuma. Ni kama kuuliza watchman usiku kulikuwa vipi.

Tatu, nilitenganisha aina mbili za kukwama, kwa sababu watu wengi huchanganya. Kama imekwama kabla ya kumaliza kufunga huduma, mkosaji ni programu au folda, na jina lake utaliona. Lakini kama imefunga yote, ikaandika "Power down" na bado taa zinawaka na feni inazunguka, basi programu hazina makosa. Hapo shida ni keneli, dereva au ile ACPI niliyokutajia. Angalia dereva ya kadi ya picha, hasa kama una Nvidia na unatumia ile huria ya nouveau. Jaribu keneli nyingine. Angalia kama mtengenezaji ametoa BIOS mpya. Usianze kubadilisha vitu vya aina ya pili ilhali una shida ya aina ya kwanza. Nilipoteza saa mbili hapo.

Nne, nilisoma zile kumbukumbu vizuri, na hapo ndipo moyo ulishuka. Kulikuwa na mstari wa keneli, umerudiwa, kuhusu NFS, ambayo ndiyo njia tuliyotumia kushiriki folda. Ulisema seva haijibu. Halafu maneno mawili: "still trying". Bado najaribu.

Nieleze. NFS ni teknolojia ya Sun Microsystems ya mwaka 1984. Ukiitumia kwa njia yake ya kawaida, seva ikipotea, mashine yako haikati tamaa wala haitupi data. Inashikilia ulichoandika na kujaribu tena, na tena, hadi seva irudi. Waliitengeneza hivyo makusudi, kwa sababu waliona ni afadhali mashine iganda kuliko idanganye kwamba imehifadhi.

Sasa panga matukio. Bosi alizima seva kwanza. Msichana akahifadhi kwa seva ambayo haipo. Ukurasa ukaganda, kwa sababu mashine ilikataa kumwambia uongo. Mimi ndiye niliyemwambia uongo, kwamba imeshahifadhi. Kisha nikaagiza kuzima, na mashine ikakaa pale na sura yake mkononi, ikiita seva gizani. Kama ningenyoosha mkono hatua tatu na kuwasha seva badala ya kuzima ukuta, kulikuwa na nafasi nzuri ya ile kazi kufika.

Nilikuwa nimesema mashine imekataa kuzima. Haikuwa imekataa. Ilikuwa imebeba mzigo wa mtu na haikuwa na pa kuuweka.

Dawa ilikuwa ya aibu kwa urahisi wake. Karatasi moja, kalamu nyekundu, kando ya swichi: kwanza wateja wamalize, kisha mashine sita, kisha seva, mwisho ukuta. Bosi alisoma akasema, "Kumbe ni mimi." Nikamwambia, "Hapana mzee, ni sisi." Kwa mashine zenyewe niliongeza chaguo la `_netdev` kwa ile folda katika `/etc/fstab`, ili mfumo ujue kwa uhakika ni folda ya mtandao na uiachilie kabla ya mtandao kufungwa. Ule muda wa sekunde 90 unaweza kupunguzwa katika `/etc/systemd/system.conf`, mstari wa `DefaultTimeoutStopSec`. Niliuacha ulivyo. Mtu akikuambia dawa ya kuganda ni kuupunguza hadi sekunde tano, mwulize kwanza kama amesoma jina la anayemuua.

Na siku ikiganda kabisa, hata kibodi haijibu? Kuna mlango wa dharura. Shikilia Alt na kitufe cha PrtSc, kisha bonyeza S, usubiri kidogo, U, usubiri, halafu O. S ni ile `sync` ya wazee wa Unix. U inafunga diski zisiandikwe tena. O inazima. Haitaokoa kilichokuwa kinasubiri seva iliyozimwa, lakini itaokoa diski yako, na inashinda ukuta mara mia.

Msichana aliandika sura yake upya. Nilimchapia usiku tatu bila malipo, yeye akisoma kutoka kwa karatasi za utafiti wake na mimi nikigonga. Aliwahi tarehe yake. Hatukuwa marafiki baada ya hapo, na sioni ni kwa nini tungekuwa.

Kuna jambo moja limebaki, na ndilo lilinifanya nichelewe kuandika. Mimi sikuacha chuo vizuri. Karo ilikwama, nikaona aibu, nikapanda gari ya kurudi nyumbani bila kumwambia mtu yeyote. Sikujaza fomu ya kuahirisha masomo. Sikuaga hata rafiki niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja. Nilizima ukuta. Kwa hivyo kwenye kumbukumbu zao mimi si mtu aliyeahirisha. Ni jina tupu, mtu aliyepotea katikati ya muhula, alama nusu. Baiti sufuri.

Najua wengi wenu mnaosoma hii mko hapo hapo. Kisii na Nyamira tumejaa, na si kwa sababu hatukuwa na akili. Karo inakata kama stima, bila ilani. Lakini kati ya stima kukatwa na wewe kuzima kuna tofauti ndogo, na ndani ya hiyo tofauti kuna fomu, kuna barua, kuna ofisi ambayo ukibisha unaweza kupewa muda. Muda wenyewe huenda usitoshe. Uombe hata hivyo.

Jumatatu iliyopita nilienda kuuliza kama bado naweza kurekebisha rekodi yangu. Mama wa dawati alitazama skrini yake kwa muda mrefu, ile duara ikizunguka. Akaniambia mashine iko polepole leo.

Nikamwambia hakuna haraka, nitasubiri.